Rangi Ilivyoifukuza Saa Sita Mchana

Chukua kalenda yoyote yenye picha za wanyama wa Serengeti, Amboseli au Maasai Mara, uifunue mwezi baada ya mwezi ukitazama vivuli badala ya wanyama. Karibu kila ukurasa una kivuli kirefu kilicholala upande mmoja, mwanga wa rangi ya asali, na jua, kama linaonekana, limejificha nyuma ya mgunga likikaribia kuzama. Mtu asiyewahi kufika huku akiziamini kalenda hizo atadhani nchi zinazopitiwa au kukaribiwa na ikweta hazina saa sita mchana. Hoja yangu ni kwamba pengo hilo lina historia, na historia yenyewe ni fupi kuliko inavyodhaniwa. Wanyama hawakuikimbia saa sita, wala wapigapicha wa kwanza hawakuiogopa. Aliyeiondoa ni filamu ya rangi, kuanzia miongo ya katikati ya karne ya 20, na mbinu iitwayo HDR, ile ya kukusanya mwanga mkali na kivuli kizito ndani ya picha moja, imetunyima kisingizio cha kuendelea kuiacha nje.

Tatizo lenyewe linaonekana vizuri kwa nyati aliyebeba yangeyange mgongoni. Jua la utosini humwaga takriban lux 100,000 juu ya kila kilicho wazi. Manyoya meupe ya ndege yanarudisha sehemu kubwa ya mwanga huo, ilhali ngozi nyeusi ya nyati inarudisha asilimia chache tu. Halafu tumbo la nyati, kidevu chake na macho yaliyo chini ya pembe vimo kivulini, ambako mwanga wenyewe ni haba. Kati ya bawa la yangeyange na jicho la nyati, tofauti inafika mamia kwa moja. Macho yetu hayapati taabu, kwa kuwa yanatangatanga kutoka doa hadi doa na kujirekebisha njiani. Kamera hupokea vyote kwa mara moja. Wapigapicha hupima kwa stopu, kila stopu ikiwa maradufu ya iliyotangulia: stopu tano ni mara 32, stopu nane ni mara 256. Chombo kinachomudu stopu tano kikikabidhiwa mandhari ya stopu nane au tisa, mpigapicha hana budi kuchagua wa kumpoteza. Akimwokoa nyati, yangeyange anaungua na kuwa doa jeupe lisilo na unyoya hata mmoja. Akimwokoa yangeyange, nyati anabaki shimo jeusi lenye pembe.

Wazo la kutatua jambo hili kwa kuunganisha picha mbili ni la kale kuliko kompyuta. Vioo vya picha vya miaka ya 1850 vilikuwa vyepesi mno kupokea mwanga wa buluu, kwa hiyo anga iliungua kabla mawimbi hayajapata umbo. Mwaka 1857, huko Sète kusini mwa Ufaransa, Gustave Le Gray alipiga kioo kimoja kwa ajili ya bahari na kingine kwa ajili ya anga, kisha akavichapa kwenye karatasi moja, akivikutanisha kwenye mstari wa upeo. Msingi wa HDR umo humo tayari: hakuna pigo moja linalotosha, basi yapigwe mawili na kila moja litoe sehemu yake bora. Lakini mbinu ya Le Gray ilihitaji kitu kinachotulia, au angalau mstari ulionyooka wa kufichia kiungo. Upeo wa bahari unakubali. Simba anayegeuza kichwa hakubali, na ndiyo maana kwa takriban miaka 150 njia hiyo iliwasaidia wapigaji wa mandhari na majengo, wale wa wanyama wakabaki mikono mitupu.

Walichofanya wengine ni kuunda mwanga wao wenyewe. Mwaka 1887 Adolf Miethe na Johannes Gaedicke walitengeneza Ujerumani unga wa magnesiamu unaolipuka kwa mwako mkali wa ghafla, na Carl Georg Schillings akauleta katika nyika za Wamasai, kwenye nchi iliyozunguka Kilimanjaro. Aliwategea simba chambo hai usiku, akafunga uzi ambao mnyama akiugusa anajipiga picha mwenyewe. Kitabu chake kilichotoka Leipzig mwaka 1905 kilishangaza Ulaya, na mwaka uliofuata, Julai 1906, jarida la National Geographic la Marekani lilichapisha picha 74 za George Shiras, aliyewapiga kulungu wa kwao usiku kwa mbinu inayofanana na hiyo. Picha hizo za usiku zina tabia moja: kilicho karibu ni cheupe, kilicho nyuma ni giza tupu. Mtu angeweza kuzitumia kama ushahidi dhidi yangu, aseme kwamba tangu mwanzo waliopiga wanyama walilikimbia jua. Ila picha za mchana za kipindi kilekile zinasema vingine. Vioo vilikuwa vizito kupokea mwanga, lenzi ndefu zilikuwa zikiunyonya, na mnyama hakai kumsubiri mtu. Mwanga wa alfajiri haukutosha hata kidogo. Arthur Radclyffe Dugmore, aliyefika Afrika Mashariki ya Waingereza mwaka 1909 na kutoa kitabu mwaka 1910, alihitaji jua la kutosha ili amnase kifaru anayekuja mbio bila picha kutoka na ukungu. Anga zikatoka nyeupe na matumbo ya wanyama yakatoka meusi, na watu wakazipokea hivyo. Saa sita ilikuwa na kasoro zake, lakini ilikuwa saa ya kazi.

Tena kasoro zile hazikuwa kubwa kama tunavyodhani leo, kwa sababu negativu ya nyeusi na nyeupe ni mvumilivu. Ferdinand Hurter na Vero Charles Driffield, wakiwa Uingereza, walichapisha mwaka 1890 vipimo vilivyoonyesha jinsi kioo kinavyozidi kuwa cheusi kadiri mwanga unavyoongezwa. Mchoro wao una mkia ulio bapa, mteremko ulionyooka, kisha bega linaloinama polepole, na hilo bega ndilo lililowafaa wapigaji wa mchana. Mwanga mkali ulipokuwa ukizidi, negativu haikuukata ghafla. Iliendelea kuhifadhi chembe za tofauti, zikiwa zimebanana, na mtu mwenye subira aliweza kuzifukua kwenye chumba cha giza. Alikinga sehemu moja ya karatasi kwa kiganja ili isipate mwanga mwingi, akaiacha nyingine ipigwe kwa sekunde kadhaa zaidi. Martin na Osa Johnson walipopiga kambi kwenye ziwa la kreta ndani ya msitu wa Marsabit, kaskazini mwa Kenya, kuanzia mwaka 1924 hadi 1927, walijenga maabara yao hukohuko ya kusafishia filamu, na walikaa kwenye maficho kando ya maji wakiwangoja wanyama wanaokuja kunywa katika joto. Mmoja wa waliowasaidia kwa fedha na kuwatembelea, mwaka 1926, alikuwa George Eastman mwenyewe, mwanzilishi wa Kodak. Inafaa kukumbuka hilo, maana kampuni yake ndiyo iliyokuja kubadili mambo miaka kumi baadaye.

Kodachrome ilianza mwaka 1935 kwa filamu za sinema, na mwaka 1936 ikaingia kwenye kamera za kawaida. Rangi zake zilikuwa imara na za kuvutia, na wahariri wa majarida makubwa waliipenda kwa miongo mingi. Ilikuwa filamu ya slaidi, na hapo ndipo hadithi inapogeuka. Slaidi haina negativu. Kipande kilekile kilichokuwa ndani ya kamera ndicho kinachowekwa mezani kwa mhariri, wala hakuna hatua katikati ambapo kiganja kinaweza kukinga hiki na kukichoma kile. Masafa yake ya mwanga yalikuwa stopu tano hivi, pengine sita. Kilichozidi hapo kiliungua kikawa selulosi tupu inayopitisha mwanga, na kilichopungua kikawa cheusi moja kwa moja. Yangeyange na nyati hawakuweza tena kukaa pamoja saa sita mchana. Kodachrome za kwanza zilikuwa nzito mno hata kwa kazi ya alfajiri, kwa hiyo mabadiliko hayakuja kwa siku moja. Yalikamilika pale filamu kama Kodachrome 64, iliyoanza kuuzwa mwaka 1974, zilipokutana na lenzi ndefu zilizokuwa zikiruhusu mwanga mwingi kuliko za zamani. Sasa mtu aliweza kumpiga chui wakati jua likiwa chini na mwanga ukiwa laini, ambapo tofauti kati ya upande wa jua na upande wa kivuli inaingia ndani ya stopu tano. Aliyeweza kufanya hivyo hakuwa na sababu ya kubaki na saa sita. Mwaka 1990 ikaja Velvia ya Fuji, yenye rangi kali zaidi na ukatili uleule kwa vivuli.

Kuanzia hapo ulazima ukageuka kuwa ladha. Vitabu vya mafunzo vikawaambia wanaoanza wafunge mikoba yao jua linapopanda na waifungue alasiri. Ratiba za utalii zikafuata mkondo huohuo: gari linatoka alfajiri, linarudi hotelini kwa chakula cha mchana na usingizi, linatoka tena saa kumi. Ipi ilimfuata mwenzake, kamera au hoteli, ni vigumu kuamua, na nadhani kila moja iliimarisha nyingine. Filamu ya katuni The Lion King ilipotoka mwaka 1994 ilianza na mawio ya jua juu ya mbuga, na hakuna mtazamaji aliyehitaji kuelezwa kwa nini. Kwa muda wa maisha ya mtu mmoja tu, saa mbili za siku zilikuwa zimesimama badala ya siku nzima.

Ingekuwa kosa kuuona mpaka huo wa stopu tano kuwa amri ya maumbile peke yake. Fizikia ilikuwa na sehemu yake, lakini watu wa viwandani ndio walioamua ni rangi zipi zishughulikiwe kwanza. Maabara za kuchapa picha za rangi zilipokea kutoka Kodak kadi za kulinganishia zenye picha ya mwanamke mweupe, na uso wake ndio uliokuwa kipimo cha picha iliyotoka sawasawa. Malalamiko yaliyosaidia kubadili filamu yalitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao rangi zao za kahawia zilikuwa zikitoka zimefanana. Filamu bora ilipopatikana, ilisifiwa kwamba ingeweza kumpiga farasi mweusi penye mwanga hafifu, maneno ambayo wachunguzi wa historia hiyo wameyasoma kama njia ya kukwepa kuwataja watu weusi kwa jina. Katika miaka ya 1970, mtengeneza sinema Jean-Luc Godard alipoalikwa Msumbiji, aliikataa filamu ya Kodak akisema ina ubaguzi. Familia zetu zinaijua gharama ya mpango ule kutokana na picha za harusi ambamo shela linaonekana uzi kwa uzi na uso wa bibi harusi haupo. Nalitaja jambo hili kwa uchungu, na pia kwa sababu linaathiri hoja: kikomo cha filamu kilikuwa pia kikomo cha nani na nini kilifikiriwa kinastahili kuonekana. Kiwanda kilichoweza kuwasahau watu muda wote huo hakikuwa na haraka ya kushughulikia weusi wa mbega msituni wala wa nyati uwandani.

Njia ya kutoka ilianzia mahali pa kutisha. Charles Wyckoff, wa kampuni ya EG&G ya Marekani, alitengeneza filamu yenye tabaka tatu zenye uwezo tofauti wa kupokea mwanga, ili milipuko ya mabomu ya nyuklia iweze kupigwa picha tangu mwako wake wa kwanza hadi moshi wake. Tabaka moja likiungua, jingine linaendelea kuona. Mwaka 1995 Steve Mann na Rosalind Picard wa MIT walieleza jinsi kompyuta inavyoweza kufanya vivyo hivyo kwa fremu kadhaa za kidijitali, na mwaka 1997 Paul Debevec na Jitendra Malik wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitoa njia iliyoenea kuliko zote. Unapiga mandhari moja mara nyingi kwa muda tofauti wa mwanga. Programu inalinganisha fremu na kuukokotoa mkunjo wa kamera yenyewe, ndugu wa ule mkunjo wa Hurter na Driffield. Kisha inarudi nyuma hadi kiasi halisi cha mwanga kilichokuwapo. Mfano wao mashuhuri ulikuwa ndani ya kanisa la Chuo Kikuu cha Stanford, vioo vya rangi viking'aa na pembe zikiwa gizani. Kanisa limetulia. Tembo anapunga masikio yake bila kukoma kwenye joto, na fremu tatu za tembo zikiunganishwa kwa njia hiyo humwacha na masikio ya mzimu, moja juu ya jingine. Kizuizi cha Le Gray kilikuwa bado kipo.

Kilichokiondoa ni mambo mawili, na yote mawili ni ya jana tu. La kwanza ni simu. Apple iliweka HDR kwenye simu zake mwaka 2010, na miaka michache baadaye Google ikaja na mpango wa kupiga fremu nyingi fupi, zote zikiwa na mwanga kidogo ili weupe usiungue, kisha kuzilinganisha kipande kwa kipande, kuzijumlisha ili vivuli visafike, na kuachana na vipande ambavyo kitu kimesogea kupita kiasi. La pili, ambalo kwa wanyama ni kubwa zaidi, ni kihisi cha kamera kufikia takriban stopu 14 kwa pigo moja, kama ilivyokuwa kwa Nikon D800 ya mwaka 2012. Stopu 14 ni zaidi ya mara 16,000. Nyati na yangeyange wake wanaingia humo na nafasi inabaki. Mpigapicha anapima kwa ajili ya ndege, anamwacha nyati atoke mweusi kwenye skrini, kisha baadaye anamfungua kutoka kwenye faili ghafi: mikunjo ya shingo, kupe, unyevu wa pua. Masikio hayana mzimu kwa sababu fremu ni moja. Nathubutu kusema kwamba hii ndiyo HDR iliyowafaa wanyama, hata kama wanaopenda fremu tatu watasema haistahili jina hilo.

Pingamizi linalosikika kwa sauti kubwa zaidi ni kwamba HDR inadanganya. Lina mizizi ya kweli. Programu za miaka ya 2000 zilimwaga mitandaoni picha zenye mawingu ya zambarau na mwanga wa ajabu unaouzunguka kila mti, na simba akageuka kuwa sanamu ya plastiki. Kosa lile lilikuwa katika namna ya kubana masafa mapana yaingie kwenye karatasi au skrini finyu, kazi inayodai kiasi. Halikuwa katika kukusanya mwanga. Slaidi iliyomfanya nyati kuwa shimo jeusi haikuwa na ukweli zaidi, maana hakuna mtu aliyesimama mbele ya nyati akaona shimo. Shindano la Wildlife Photographer of the Year, lililoanza katika miaka ya 1960 na ambalo leo linaendeshwa na Makumbusho ya Historia ya Asili ya London, limeiruhusu HDR katika kanuni zake za miaka ya karibuni, ilimradi fremu zipigwe mahali pamoja na kwa wakati mmoja, na huwataka wanaofika hatua za mwisho walete faili ghafi zikaguliwe. Mwaka 2014 lilimpa ushindi Michael Nichols kwa picha ya simba wa kundi la Vumbi, Serengeti, majike watano na watoto wao wamelala juu ya mwamba, iliyopigwa kwa mwanga wa infraredi ambao hakuna jicho la binadamu linaouona. Aliyeikubali picha ile, nami naikubali kwa moyo wote, hawezi tena kukataa kivuli kufunguliwa kwa kiasi ambacho macho yake mwenyewe yangekifungua.

Pingamizi zito zaidi ni la wanaosema kwamba saa sita hakuna cha kupiga: wanyama wamelala, basi filamu iliwaondolea watu kazi isiyo na faida. Ni kweli simba hupumzika sehemu kubwa ya siku. Lakini duma huwinda zaidi mchana, na nyumbu mara nyingi huvuka Mto Mara jua likiwa kali. Ushahidi ulio wazi kuliko wote unatoka kwa kamera zisizo na mwenyewe nyuma yake. Mradi wa Snapshot Serengeti ulitega kamera 225 zinazojipiga zenyewe katika eneo la kilomita za mraba 1,125, na kati ya mwaka 2010 na 2013 zikakusanya takriban mafungu milioni 1.2 ya picha. Nyingi zilikuwa tupu, majani yaliyopata moto yakitikiswa na upepo, lakini mafungu zaidi ya 300,000 yalikuwa na wanyama. Kamera hizo hazikujua kuwa kuna saa nzuri na saa mbaya. Na kwa vile zilifungwa mara nyingi kwenye miti, zilionyesha jambo ambalo kalenda haijawahi kulionyesha: mti mmoja uwandani mchana una wageni wake, na simba ni miongoni mwao, wakisogea kadiri kivuli kinavyosogea.

Kuna pingamizi moja ambalo nalikubali bila masharti. Ardhi ikishika moto, hewa iliyo juu yake hucheza, na lenzi ndefu ikielekezwa kwa mnyama aliye mbali huleta picha inayotetemeka kana kwamba imepigwa kupitia maji. Stopu 14 hazisaidii hapo, wala programu yoyote niijuayo. Kwa sababu hiyo saa sita haitakuwa saa ya kumfuata duma aliye mita 300, na wanaomtaka huyo wana haki ya kungoja alasiri. Walio karibu ni habari nyingine: familia ya tembo iliyosongamana chini ya mbuyu wa Tarangire, mtoto amelala katikati ya miguu ya mama yake, na nje ya ukingo wa kivuli uwanda mweupe kwa jua. Katika Kodachrome ungepata ama uwanda ama tembo. Sasa gari limesimama mita ishirini kutoka hapo, kamera inavichukua vyote viwili kwa pigo moja, na ratiba bado inamtaka dereva arudi hotelini kwa chakula cha mchana.